Nini hasa kiliua pikipiki za Mwingereza? BSA, Norton, Triumph walikuwa wafalme, wakaporomoka ndani ya miaka 15

#1 Mjukuu wa Karani (Mwanza)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita tulikuwa tunasafisha stoo ya marehemu babu kule Sengerema. Nyuma ya magunia tukakuta pikipiki. Tairi zimeoza, panya wamekula siti, jina kwenye tangi limeliwa na kutu lote, ila kwenye injini bado unasoma kwamba ilitengenezwa Uingereza. Babu alikuwa karani wa pamba miaka ya 50. Baba anasema mlio wake ulifika nyumbani kabla yake, na kila alipoegesha palibaki doa jeusi la oili.

Nikaanza kusoma habari za hizi pikipiki, na tangu hapo silali vizuri. Miaka ya 1950 BSA ya Birmingham ndiyo ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa kutengeneza pikipiki. Mwaka 1951 ikainunua na Triumph. Kule Marekani, mwaka 1959 Mwingereza alishika asilimia 49 ya soko. Mwaka 1973 alibaki na 9. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza anamaliza shule ya msingi!

Nina Boxer mbili barabarani, ndizo zinazosomesha wanangu. Kwa hiyo jambo hili linanigusa. Watu walioshika nusu ya soko kubwa kama lile, wanapotezaje kila kitu haraka hivyo? Ni Mjapani? Mabosi? Wafanyakazi? Serikali? Karibuni.

#2 Kobe Mpole

Uzi mzuri. Ngoja waje wajuzi.

#3 Fundi Ngosha (Kahama)

Mkuu, jibu liko kwenye hilo doa la oili.

Nimefungua injini miaka 22, na mwalimu wangu alijifunzia kwenye pikipiki za Mwingereza. Nikueleze. Lile ganda la chini la injini, pale krenki inapokaa, Mwingereza alilipasua wima: nusu kushoto, nusu kulia. Maana yake maungio yanashuka mpaka chini kabisa, kwenye oili yenyewe. Halafu injini zao maarufu zilikuwa na pistoni mbili zinazopanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo inatikisika mpaka mikono inakufa ganzi. Maungio yamelala ndani ya oili, injini inatikisika, utazuia vipi kuvuja? Honda kwenye injini zake nyingi za silinda mbili akalipasua kwa kulaza, maungio yakawa juu ya oili. Akili ndogo tu, lakini mteja anaegesha sebuleni bila wasiwasi.

Ongeza na umeme. Taa za Lucas walizitania Waingereza wenyewe, wakamwita mwenye kampuni Mfalme wa Giza. Boliti nazo zilikuwa za vipimo vya Whitworth, vya tangu 1841. Mpaka leo ninazo spana zake alizoniachia mwalimu, haziingii kwenye kitu kingine chochote.

Na kiki! Super Cub, ile pikipiki ndogo ya Honda, ilipata toleo la kuwashwa kwa stata tangu mwanzoni mwa miaka ya 60. Bonneville ya Triumph ilipata stata mwaka 1980. Miaka 20 mteja anapigwa teke na kiki wakati jirani yake anabonyeza kitufe.

#4 Mchumi wa Mbezi

Fundi, heshima kwako, lakini umeeleza homa, hujaeleza malaria.

Mwaka 1975 serikali ya Uingereza iliwaita Boston Consulting Group, washauri wa biashara, wachunguze suala hilihili. Jibu lao lilikuwa la hesabu. Honda alianza na pikipiki ndogo. Super Cub ilitoka 1958, na kufika 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Anayetengeneza nyingi namna hiyo, kila moja inamgharimu kidogo, na faida inanunua mashine mpya za kiwandani. Mwingereza alipoona vita kwenye pikipiki ndogo akasema hazina faida, akawaachia. Mjapani akapanda kwenye cc 250. Mwingereza akajisogeza kwenye kubwa zaidi. Ni kama mtu anayekimbia mafuriko kwa kupanda kichuguu, maji yanafika, anatafuta kichuguu kingine. Mwaka 1969 Honda akaleta CB750: silinda nne, breki ya disiki mbele, stata. Vichuguu vikaisha.

Wakubwa wa kule walikuwa wakijifariji kwamba Mjapani anawafundisha vijana kuendesha, wakikomaa watakuja kununua pikipiki za wanaume kwa Mwingereza. Wakakomaa kweli, wakanunua Honda kubwa.

#5 Dada wa Stage (Nairobi)

Hamjambo nyote. Mimi ni rider, Kasarani, mwaka wa sita sasa. Hiyo ya kichuguu imenigusa.

Lakini swali: Royal Enfield mbona hamuitaji? Ama hiyo ni ya Wahindi? Nimeona wageni wanazikodi wakienda Naivasha, zinapiga ule mlio mzito wa polepole.

#6 Mzee Kifimbo (Tanga)

Binti yangu wa Nairobi, Royal Enfield ni ya Redditch, jirani na Birmingham. Mwaka 1955 Wahindi walianza kuiunda Madras kwa ajili ya jeshi lao, modeli ya Bullet. Kiwanda cha Redditch kikafungwa 1967, kampuni mama ikafa 1970, mtoto wa Madras akaendelea kuishi. Kwa hiyo nyote mna haki: ilizaliwa Uingereza, imelelewa India.

Sasa niwarekebishe vijana wawili hapo juu. Mnasema Mjapani, Mjapani. Vincent ya Stevenage mnaijua? Black Shadow yao ilipita maili 120 kwa saa mwaka 1948, hapakuwa na pikipiki ya dukani ya kuifukuza. Ilikufa Desemba 1955. Honda alikuwa hajauza hata moja Marekani. Nani aliiua? Walijenga kitu kizuri mno kwa bei ambayo watu hawakuimudu.

Na BSA Bantam, ile ndogo iliyouzwa zaidi ya laki tatu, haikuwa akili ya Mwingereza. Ilikuwa mchoro wa DKW ya Ujerumani, RT125, walioupata kama fidia ya vita. Waliigeuza upande ili gia iwe kulia, wakaanza kuuza 1948, wakaendelea kuuza ileile kwa marekebisho madogo mpaka 1971. Miaka 23 mnakula shamba la mtu mwingine bila kupanda jipya!

#7 Fundi Ngosha (Kahama)

Shikamoo mzee. Hiyo ya Bantam sikuijua, nimejifunza. Ila Vincent moja haibatilishi doa la oili.

#8 Msomaji wa Usiku (Dodoma)

Mchumi #4 na Fundi #3, kuna kisa kinachowasumbua nyote wawili.

Honda walipofungua Los Angeles mwaka 1959 hawakuwa na huo mpango wa kupanda ngazi. Walitaka kuuza kubwa zao, cc 250 na 305. Zilipofika Marekani, watu wakaziendesha mbali na kwa kasi kuliko walivyozoea Japani. Zikaanza kufa. Unajua kwa nini? Zilivuja oili na klachi zikashindwa! Fundi, soma tena: HONDA ZILIVUJA OILI.

Zile ndogo za cc 50 walikuwa wanazitumia wenyewe kwenda kwenye shughuli zao mjini, watu wakaanza kuziuliza. Ndipo wakaziuza, kwa kukosa kingine. Huo mpango wa hesabu ulioandikwa 1975 uliandikwa na watu waliotazama nyuma.

Kwangu tofauti ni hii. Zilizoharibika zilirudishwa Japani kwa ndege, maabara ikafanya kazi usiku na mchana, na ndani ya mwezi mmoja gasketi mpya ya silinda hedi na springi mpya ya klachi zikawa tayari. Mwingereza naye aliambiwa na mawakala wa Marekani kuhusu kuvuja na kutikisika. Alisikia mwaka hadi mwaka.

#9 Fundi Ngosha (Kahama)

Mwezi mmoja? Hapo umenifunga mdomo. Gasketi siyo shida, shida ni nani anakusikiliza ukisema inavuja.

#10 Mchumi wa Mbezi

Msomaji, hata kama walianza kwa bahati, bahati haijengi kiwanda. Japani mwanzoni mwa miaka ya 50 ilikuwa na watengenezaji zaidi ya mia wanaogombana wenyewe kwa wenyewe. Waliobaki hai walikuwa wamekwisha kupigana vita kabla ya kuvuka bahari. Mwingereza alikuwa na makoloni, anauza bila kubishana na mtu. Babu wa mleta uzi angenunua ya nani mwaka 1953?

#11 Mjukuu wa Karani (Mwanza)

Ni kweli. Baba anasema baiskeli ilikuwa Raleigh au BSA, pikipiki ya Mwingereza, hata bunduki ya kufukuza ndege shambani BSA. Kumbe zile herufi ni Birmingham Small Arms, kampuni ya silaha ya tangu 1861. Nembo yao ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Sikuwahi kujiuliza.

#12 Kobe Mpole

Ile nembo nilikuwa nadhani ni matete!

#13 Bi Mwanakombo (Coventry)

Salaam wanangu. Mimi ni wa Mombasa, nipo huku mwaka wa thelathini sasa, na nimefanya kazi na watu waliokuwa Meriden. Nimesoma yote kimya, ila naona wafanyakazi wametajwa kwenye #1 kama mmoja wa washukiwa na hakuna aliyewatetea.

Triumph ilikuwa hapa mjini. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 Wajerumani waliuteketeza mji, kiwanda kikaenda nao. Wakajenga kipya kijiji cha Meriden, kikafunguliwa 1942. Bonneville ya 1959 ilitoka huko.

Haya, Septemba 1973. BSA imefilisika, serikali imetia fedha, imeundwa kampuni moja, Norton Villiers Triumph, chini ya Dennis Poore. Akawaambia watu wa Meriden kiwanda kinafungwa, kazi ihamie Small Heath, kiwanda cha BSA kule Birmingham. Watu zaidi ya 1,500. Walifanya nini? Walifunga geti. Wakakaa ndani, pikipiki zilizokwisha tengenezwa na mashine zote zikabaki mikononi mwao, mchana na usiku, baridi ya huku mnaisikia tu. Wakakaa zaidi ya mwaka. Tony Benn alipokuwa waziri wa viwanda akawapigania, na Machi 1975 wakapewa karibu pauni milioni 5, nyingi ikiwa mkopo, wakaanza ushirika. Mshahara mmoja kwa wote. Anayefagia na anayetengeneza krenki, sawa. Waliendesha mpaka 1983.

Mtu mvivu hakai getini kwenye theluji kutetea kazi yake. Hilo naomba likae hapa kwenye uzi.

#14 Mzee Kifimbo (Tanga)

Dada Mwanakombo, nimekusikia na nakuheshimu. Lakini jazia upande wa pili. Wenzao wa Small Heath hawakufurahia. Walisema geti la Meriden limezuia mpango mzima, na fedha zilizokwenda kule zingewaokoa wao. Small Heath yenyewe ilikufa katikati ya miaka ya 70, majengo yakabomolewa. Nao walikuwa na watoto.

#15 Bi Mwanakombo (Coventry)

Ni kweli kaka, walikuwa na watoto. Mfanyakazi akamlaumu mfanyakazi, na waliowafikisha pale wakaenda zao.

#16 Mshairi wa Moshi

Wakubwa ndio! Mmesahau Sir Bernard Docker, mwenyekiti wa BSA. Daimler ilikuwa ya BSA, basi mkewe akatengenezewa gari la Daimler lenye mapambo ya dhahabu na nyota ubavuni. Bodi ikamwondoa 1956. Miaka ambayo Honda alikuwa anajenga kiwanda, kule walikuwa wanapaka gari dhahabu.

Halafu Umberslade Hall. Jumba la kifahari mashambani, BSA ikaweka wabunifu huko mwishoni mwa miaka ya 60, mbali na viwanda. Wakachora fremu mpya kwa modeli za 1971, oili inakaa ndani ya fremu. Michoro ikachelewa. Ilipofika Meriden, injini ikakataa kuingia kwenye fremu! Siti nayo juu mno, mtu mfupi haigusi ardhi. Na Marekani pikipiki zinauzwa majira ya kuchipua. Ukikosa miezi hiyo, umekosa mwaka.

Inaniuma zaidi kwa sababu akili walikuwa nazo. Injini yao ya silinda tatu, ya wahandisi Bert Hopwood na Doug Hele, wazo lake lilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 60. Wakaja kuiuza mwishoni mwa 1968, breki za kizamani, kiki. Miezi michache mbele CB750 ikatua. Wangeitoa 1965, leo tungekuwa na uzi mwingine kabisa.

#17 Mchumi wa Mbezi

"Wangeitoa 1965." Kwa mashine zipi mkuu? Zile zilizochoka?

#18 Mshairi wa Moshi

Kwa faida iliyogawiwa wenye hisa miaka yote ya 50. Ingenunua mashine.

#19 Mzee Kifimbo (Tanga)

Mnagombana juu ya kiwanda, mteja mmemsahau. Mwingereza wa kawaida alinunua pikipiki kwa kuwa hakumudu gari. Alifunga kibanda pembeni, mke na mtoto wakakaa humo, mvua ikawanyeshea. Mwaka 1959 ikatoka Mini, chini ya pauni 500. Familia zikahamia kwenye gari na hazikurudi. Kuanzia 1961 sheria ikasema anayejifunza asizidi cc 250. Nani alikuwa na cc 250 nzuri, za kisasa? Honda alikuwa anakuja nazo. Serikali kwa mkono wake ikamsukuma kijana kwenye duka la Mjapani, ingawa nia ilikuwa kuokoa maisha.

Na msidhani hawakuonywa. Edward Turner, aliyebuni Speed Twin na kuiongoza Triumph, alikwenda Japani mwaka 1960, akazunguka viwandani, akaandika ripoti kwamba hawa watu wako mbele yetu. Na Soichiro Honda alikuwa amekwenda kisiwa cha Man kutazama mashindano ya TT tangu 1954. Timu yake ikafika huko 1959. Mwaka 1961 Mike Hailwood, Mwingereza, akashinda cc 125 na cc 250 juu ya Honda, mbele ya Waingereza wenzake. Wote waliona kwa macho.

#20 Dada wa Stage (Nairobi)

Mzee, hiyo ya kutazama kwa macho na kutofanya kitu nimeiona. Pikipiki yangu ya kwanza spea zake ziliisha sokoni, nikaenda kwa aliyeniuzia mara nne, mara nne ananiambia wiki ijayo. Nikahamia nyingine na stage yetu yote ikahama nyuma yangu, watu kumi na wanane. Sikufurahia kuihama, ilikuwa inapanda mlima vizuri.

#21 Fundi Ngosha (Kahama)

Dada umenikumbusha kitu cha CG125. Hii kila fundi wa huku anaijua hata kama hajui. Honda waliona kwenye nchi za joto na vumbi watu hawabadilishi oili kwa wakati, na injini yao yenye kemu juu inakufa mapema. Wangeweza kumlaumu mwendeshaji. Badala yake miaka ya 70 wakarudi nyuma makusudi: kemu ikashushwa chini, valvu zikasukumwa kwa vijiti, kama za Mwingereza! Ikawa ngumu kama jiwe. Wachina wakainakili, na nusu ya pikipiki ninazozifungua hapa gereji ni watoto wa injini ile.

Kwa hiyo teknolojia ya zamani peke yake haikumuua mtu. Nimebadili jibu langu la #3, sijui mniweke kundi gani.

#22 Mjukuu wa Karani (Mwanza)

Wakuu, nimekuta jingine. Norton, ya tangu 1898, ilinunuliwa Aprili 2020 na TVS kwa pauni milioni 16. TVS hiihii! Jina la BSA lilichukuliwa 2016 na kampuni iliyo chini ya Mahindra, wakarudisha Gold Star mwaka 2021. Na Bajaj, wenye Boxer zangu, wanaitengenezea Triumph pikipiki za cc 400 kule India tangu 2023.

Yaani vijana wa kijiweni kwangu wanaendesha pikipiki za mabwana wapya wa Norton na hawana habari. Leo nimewaambia. Mmoja ameuliza Norton ni nini.

#23 Msomaji wa Usiku (Dodoma)

Wamefika kwa mlango uleule: pikipiki ndogo, nyingi, spea kila duka.

#24 Bi Mwanakombo (Coventry)

Msiizike Triumph lakini. Ushirika ulipokwisha 1983, John Bloor, mtu aliyeanza kwa kupiga lipu akawa mjenzi mkubwa wa nyumba, akanunua jina. Hakukimbilia kuuza. Modeli mpya zilionyeshwa 1990, kutoka kiwanda kipya cha Hinckley, si mbali na hapa kwangu. Kabla ya hapo walikwenda Japani kujifunza. Mwaka 2002 moto ukakiteketeza sehemu kubwa, wakajenga tena. Watu ni hawahawa wa huku, hali ya hewa ni hiihii. Basi lile neno kwamba Mwingereza hawezi tena kazi ya mikono, mimi silikubali.

#25 Mchumi wa Mbezi

Na nyingi za Triumph sasa zinatoka Thailand, mama.

#26 Bi Mwanakombo (Coventry)

Najua mwanangu. Najua sana.

#27 Kobe Mpole

Mleta uzi, picha ya ile pikipiki iko wapi? Kurasa tatu tunasubiri.

#28 Fundi Ngosha (Kahama)

Na mimi naitaka. Namba ya injini tazama upande wa kushoto, chini ya silinda, sugua taratibu kwa kitambaa chenye dizeli, usitumie msasa. Kiki inashuka?

#29 Mjukuu wa Karani (Mwanza)

Fundi, ilikuwa imegoma kabisa. Juzi nilitoa plagi nikamimina oili kidogo kwenye tundu, nikaiacha. Leo asubuhi Baba ameomba ajaribu yeye. Amekanyaga kwa uzito wake wote, mzee wa miaka 74. Kiki imeshuka.

#30 Fundi Ngosha (Kahama)

Msiguse tena! Mtavunja ringi. Nakuja Jumamosi na zile spana za Whitworth.